Arusha binti Meru

Mnajimu wa Kiswahili haulizi mengi. Jina lako nani? La mama yako nani? La baba halimhusu, kwa kuwa baba ni wa kuambiwa lakini mama ana mashahidi. Akishapata majina mawili huyaandika kwa herufi za Kiarabu, na kila herufi ina thamani yake, tangu alifu ambayo ni 1 hadi ghaini ambayo ni 1,000. Anajumlisha, anaondoa kumi na mbili, anaondoa tena, hadi ibaki namba isiyozidi hapo, na hiyo ndiyo nyota yako: 1 Punda, 2 Ng'ombe, 3 Mapacha, 4 Kaa, 5 Simba, 6 Mashuke, 7 Mizani, 8 Nge, 9 Mshale, 10 Mbuzi, 11 Ndoo, 12 Samaki. Wasio na subira ya hesabu hutumia tarehe ya kuzaliwa kama wafanyavyo Wazungu, na magazeti yetu yamewafuata hao. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, aliizoesha nchi majina hayo kumi na mawili kiasi kwamba hata mlokole aliyeapa kutosoma utabiri aliijua nyota yake, na ya mkwewe.

Mimi si muumini wa falaki. Siamini kwamba Zohali ikikaa vibaya biashara ya mtu inadoda. Ninachokipenda ni maswali yake, maana ukimuuliza mtu jina lake, mama yake na siku yake ya kuzaliwa, umemuuliza nani aliyemwandika na nani aliyemlea. Mji nao una hayo yote. Nikaipeleka Arusha kwa mnajimu, kwa kufikiria tu, na tukakwama mlangoni. Si kwamba Arusha haina siku ya kuzaliwa. Inazo nyingi mno, na kila moja imeletwa na shahidi mwenye karatasi mkononi.

Shahidi wa kwanza anatoka bomani. Boma la Wajerumani, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa 1899 na 1900, na vitabu vya watalii huuanzisha mji hapo. Lakini kabla ya kuta hizo nyeupe kuna damu. Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri waliotumwa kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, miteremkoni mwa Meru, muda mfupi tu baada ya kufika. Kapteni Kurt Johannes akaja kutoka Moshi kulipiza. Nyumba zikachomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakaswagwa, na waliosalia wakashikwa kwa nguvu kujenga boma la kuwatawala wao wenyewe. Tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi, Mangi Meli alinyongwa pamoja na wengine 18, na miongoni mwao walikuwamo viongozi wa Meru na wa Arusha. Kwa tarehe hiyo Arusha ni Samaki, nyota ya majonzi na ya kusahau, wanavyosema wenyewe wanajimu. Nikamwambia shahidi arudi na karatasi yake. Mtoto hapewi nyota ya siku ya matanga.

Shahidi wa pili anasikilizwa zaidi, na ndiye tuliyefundishwa shuleni. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Arusha kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni, na yaliyokubaliwa yakatangazwa tarehe 5 Februari kwa jina la Azimio la Arusha. Jina la mji likaingia kwenye kamusi za siasa za dunia. Kuna watu Havana na Stockholm ambao hawajui Arusha ina mlima, lakini wanajua ina Azimio. Kesho yake, tarehe 6, mabenki yakataifishwa. Ukumbi wenyewe siku hizi ni Makumbusho ya Azimio, jengo dogo kuliko unavyotarajia, na ng'ambo ya barabara kuna mzunguko wenye mnara wa Mwenge ambapo bodaboda husubiri abiria.

Februari 5 ni Ndoo. Chama kiliipenda siku hiyo hata kikaifanya ya ukoo: Afro-Shirazi ilikuwa imezaliwa 5 Februari 1957, na TANU na ASP zilipoungana mwaka 1977 CCM ikazaliwa 5 Februari vilevile. Sidhani kama mtu yeyote Dodoma au Kisiwandui aliitazama falaki. Ila ukisoma wanajimu wanavyomweleza mtu wa Ndoo, utadhani wamelisoma Azimio. Mtu wa Ndoo, wanasema, huwapenda watu wote kwa pamoja na humwia vigumu kumpenda mtu mmojammoja. Anaona mbali, anajikwaa karibu. Ana msimamo, hapendi mali ya kujilimbikizia, na anataka jirani zake nao wasiipende. Bwana wake ni Zohali, sayari ya wazee, ya ukame na ya nidhamu. Na ajabu yake ni kwamba ndoo yake ina maji lakini asili yake ni upepo.

Azimio liliwakataza viongozi kuwa na hisa, kuwa na mishahara miwili, kuwa wakurugenzi wa makampuni, kuwa na nyumba za kupangisha. Hilo la mwisho hunichekesha kila nipitapo Njiro, au nikipanda kuelekea Sakina, nikaona mageti yalivyopangana. Ndoto ya mtumishi wa umma wa Arusha anayekaribia kustaafu ni nyumba tatu: moja ya kuishi, mbili za kupangisha. Wala simcheki yeye. Sharti lile lilikuwa limeshaachwa Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi. Watu wakaliita Azimio la Zanzibar. Limezaliwa Februari, limefutwa Februari, na mnajimu angesema nini zaidi?

Lakini nikae kidogo kwenye maji, kwa sababu hapa nyota na ardhi zimekutana kwa namna ambayo hakuna mjumbe wa TANU aliyeipanga. Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, hukamata mawingu yatokayo Bahari ya Hindi upande wa kusini na mashariki ya kusini, na huko ndiko kwenye migomba, kahawa na vijito: Themi, Naura, Burka, Ngarenaro. Wameru na Waarusha walichimba mifereji ya kuchepusha maji hayo shambani kabla hajafika Mjerumani yeyote wa kuwaeleza maana ya kilimo. Kila mfereji ulikuwa na wenyewe, zamu zake, faini zake na ugomvi wake. Upande wa pili, kaskazini kuelekea Oldonyosambu, mlima umeweka kivuli cha mvua na ardhi ni kavu, ya mbuzi na vumbi. Na hata maji yalipo si yote salama. Mlima ni volkano, na miamba yake imejaa madini ya floridi yanayoyeyukia kwenye maji. Ngarenanyuki, kaskazini mashariki ya mlima, maji yanatiririka meupe machoni huku yana floridi nyingi kuliko mwili unavyoweza kuvumilia. Watoto wanaota meno ya kahawia, na wengine mifupa ya miguu inapinda. Mtu wa huko akicheka mbele ya wageni wa Dar es Salaam, wanajua ametoka wapi. Ndoo ya Arusha ni hiyo pia.

Mwaka uleule wa 1967 haukuishia kwenye Azimio, na ndiyo maana naushuku ushahidi wa Februari peke yake. Katika tambarare za Mirerani, kusini ya mahali ulipo leo uwanja wa ndege wa KIA, jiwe la buluu lilionekana ambalo halijapata kuonekana popote duniani. Kwa miaka mingi sifa za ugunduzi zilipewa Manuel de Souza, aliyesajili dai lake Julai 1967. Mzee Jumanne Ngoma alisema yeye aliliona mapema mwaka huohuo, na Aprili 2018, siku Rais Magufuli alipozindua ukuta wa kuzunguka machimbo, akamtambua hadharani na kumpa shilingi milioni 100. Kwa hiyo fikiria: Januari na Februari Arusha inaandika kwamba fedha isifanywe msingi wa maendeleo, na miezi hiyohiyo, chini ya udongo wa jirani, kuna jiwe litakalowafanya vijana waache shule wakawe wanaapolo mashimoni, na madalali wapange foleni mjini wakiwa na vipande ndani ya karatasi zilizokunjwa. Kampuni ya Tiffany ililipa jina la tanzanite mwaka 1968. Mwaka 2002 wafanyabiashara wa vito wa Marekani wakaliweka miongoni mwa mawe ya kuzaliwa ya Desemba, kwa hiyo mtoto wa Ohio aliyezaliwa wiki moja kabla ya Krismasi ana jiwe lake la nyota, na limetoka kwetu. Au lilikuwa letu: mwaka huohuo wa 2002 Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha, na Mirerani ikaenda na Manyara.

Kisha tarehe 1 Desemba 1967 mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ukaanza kutumika, makao makuu Arusha. Nyota ya Mshale hiyo, nyota ya safari ndefu na ahadi kubwa. Mshale ulikwenda miaka kumi. Mwanzoni mwa Februari 1977, siku zilezile ambazo CCM ilikuwa inazaliwa, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Namanga pakanyamaza hadi Novemba 1983. Majengo ya Jumuiya yakabaki mjini kama nguo za maarusi waliovunja uchumba, na serikali ikayageuza kuwa kituo cha mikutano cha kimataifa, AICC. Mkataba mpya ulisainiwa hapahapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Mshale tena. Hawa watu wa Jumuiya wana mwezi wao.

Basi tarehe zikitushinda, turudi kwenye hesabu ya wazee, ya jina na jina la mama. Na mama wa Arusha ni nani kama si Meru? Hapa panahitaji maelezo kidogo. Wameru waliishi miteremkoni mwa mlima vizazi vingi kabla. Waarusha, wasemao Kimaa, walipanda kutoka Arusha Chini, kusini ya Moshi, mnamo miaka ya 1830, wakafyeka upande wa kusini magharibi, wakajifunza migomba bila kuacha ng'ombe. Mlima kwao ni mama wa kulea. Lakini mama wa kulea ni mama, mnajimu hakatai.

Tuandike. Arusha: alifu 1, re 200, wau 6, shini 300, alifu 1, jumla 508. Meru: mimu 40, ye 10, re 200, wau 6, jumla 256. Ukizijumlisha unapata 764. Ondoa kumi na mbili mara 63, zinabaki 8. Nge.

Msomaji mwenye elimu ya herufi atanisahihisha kwamba wapo waandikao Arusha kwa te ya duara mwishoni, nayo huhesabiwa 5. Kwa mwandiko huo jumla ni 768, ambayo ni kumi na mbili mara 64 bila masalio, na pasipobaki kitu huhesabiwa kumi na mbili kamili: Samaki, yaani tumerudishwa kwenye miti ya kunyongea ya Moshi. Herufi moja. Nilichagua mwandiko wa alifu, na sikuchagua kwa haki. Nilichagua kwa sababu Nge inaeleza mambo mawili ambayo kwangu ndiyo Arusha yenyewe.

La kwanza ni la 17 Novemba 1951. Serikali ya Kiingereza, ikifuata mapendekezo ya jaji aliyeitwa Wilson mwaka 1947, ilitaka kuwe na ukanda mmoja wa mashamba ya walowezi baina ya Meru na Kilimanjaro, wa ng'ombe wa nyama na maziwa, bila Mwafrika kukaa katikati. Ngarenanyuki ilikuwa katikati. Siku hiyo askari walianza kuwatoa Wameru, watu wapatao 3,000, na kazi ikaendelea hadi Desemba: nyumba kutiwa moto, maghala kutiwa moto, mifugo kuswagwa kwenda mahali ambapo wengi wa wanyama hao hawakupona. Waliambiwa watapewa ardhi kwingine. Wakaikataa ile ardhi. Wakakataa fidia pia, jambo ambalo maofisa hawakulielewa hata kidogo, kwa kuwa katika hesabu zao kila kitu kilikuwa na bei.

Wameru walifanya jambo ambalo wakati ule lilikuwa la ajabu kwa watu wa kijijini. Walichanga. Wanywaji wa mbege, wakulima wa kahawa, waumini wa Kilutheri, kila mmoja senti zake, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet hadi New York, kwenye Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini na mdhamini alikuwa na pa kushtakiwa. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Kirilo alisimama mbele ya wawakilishi wa mataifa akaeleza habari za mashamba kadhaa yaliyoko chini ya mlima ambao wengi wao hawakuwa wameusikia. Kamati iliyomsikiliza ilimwelewa. Baraza Kuu lilipopiga kura, theluthi mbili iliyotakiwa haikupatikana. Kisheria walishindwa. Lakini Kirilo alirudi akazunguka nchi akihadithia, na watu wa Kanda ya Ziwa na wa Pwani wakasikia kwamba Mwafrika anaweza kumshtaki gavana mbele ya dunia. TANU ilianzishwa miaka miwili baadaye. Mimi naamini safari ya Kirilo ilifanya kazi kubwa katika kuzaliwa kwa TANU kuliko tunavyomhesabia, na ningependa mtaa mmoja mkubwa wa Arusha uwe unaonyesha hivyo.

Wanajimu husema Nge hasahau. Akikanyagwa hukaa chini ya jiwe akingoja. Ngarenanyuki leo ni ya Wameru tena, wanalima nyanya na vitunguu, na wanayanywa yale maji yenye floridi. Hapo Ndoo na Nge wamekaa kijiji kimoja.

La pili ni la 8 Novemba 1994. Baraza la Usalama liliunda mahakama ya kuwahukumu waliopanga mauaji ya kimbari ya Rwanda, na Februari iliyofuata likaamua makao yake yawe Arusha. Mwaka mmoja tu kabla, tarehe 4 Agosti 1993, serikali ya Rwanda ya Rais Habyarimana na waasi wa RPF walikuwa wamesaini mkataba wa amani katika mji huuhuu. Walipeana mikono Arusha, watu wakachinjwa kwao, na wachinjaji wakaletwa Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama hiyo ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na ikawa mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza ubakaji kutajwa kuwa njia mojawapo ya kuyatenda. Wanawake wa Taba walipanda ndege, wakashushwa KIA, wakapitishwa kwenye mashamba ya kahawa ya Usa River, wakaketi nyuma ya pazia katika jengo la AICC wakasema. Nje ya jengo, siku hizohizo, mamalishe walikuwa wanauza ugali na maharage, na madereva wa teksi walikuwa wanabishana juu ya Yanga na Simba. Mahakama ilifungwa 31 Desemba 2015, mabaki ya kazi yake yakahamia Lakilaki.

Hayo ni mawili. Kuna mkataba wa amani wa Burundi, uliosainiwa Agosti 2000 chini ya Mandela baada ya Nyerere aliyeianza kazi kufariki. Kuna Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu. Kuna makongamano ya maparachichi, ya benki, ya wanasheria, ambayo mkazi wa Sombetini huyajua kwa jambo moja tu, kwamba barabara ya kuelekea mjini imefungwa na msafara unapita. Mtu akiniuliza tabia ya Arusha nitamjibu hivyo. Ni mji unaoandikiwa majaliwa ya wengine. Wageni hufika na kalamu, wanaandika, wanapiga picha na mlima nyuma yao iwapo wingu limekubali kuondoka, wanaondoka, na karatasi inaitwa kwa jina letu. Mikataba ya Arusha. Azimio la Arusha. Waarusha wenyewe, wale wa Ilboru na Kiranyi, hawamo katika karatasi hizo hata moja.

Na wao wana anga lao. Kwanza niseme jambo ambalo wanajimu hawalipendi. Mhimili wa dunia hupepesuka, mzunguko mmoja kwa takriban miaka 26,000, na tangu zama za wale walioigawa njia ya jua sehemu kumi na mbili nyota zimeshasogea karibu fungu zima. Tarehe 5 Februari jua haliko mbele ya nyota za Ndoo. Liko mbele ya Mbuzi. Ukitazama angani kwa macho na si kwa gazeti, Azimio la Arusha lilizaliwa chini ya Mbuzi, na kwa mji ambao jioni ya Jumamosi moshi wa mbuzi choma hutanda toka Kijenge hadi Ngaramtoni, nadhani hiyo ni haki.

Pili, Arusha iko nyuzi 3 na kitu kusini ya Ikweta, na njia ya jua inapita juu ya utosi. Mnamo tarehe 12 Machi na tarehe 2 Oktoba, baada kidogo ya saa sita mchana, mtu akisimama karibu na Mnara wa Saa hana kivuli. Kiko chini ya nyayo zake. London haipati siku kama hiyo hata moja. Nyota zote kumi na mbili, kila moja kwa msimu wake, hupita hapa karibu na katikati ya anga. Wenye falaki waliziona wakiwa mbali kaskazini, zikiwa zimeinamia upande. Sisi zinapita juu ya paa.

Lakini mkulima wa Meru hakuhitaji kumi na mbili. Alihitaji kundi moja dogo, Kilimia, lile fungu la nyota sita au saba zilizobanana. Wasemao Kimaa huziita inkokua na wamezitumia kupima mvua tangu zamani. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yameshika, Kilimia huzama na jua na kutoweka. Juni huonekana tena alfajiri, ukungu wa kipupwe ukishaanza. Novemba, vuli ikiwa njiani, huchomoza jioni jua linapotua. Waswahili wa Pwani wana methali yake, kwamba kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Sasa tazama kilipo: Kilimia kimekaa begani mwa Ng'ombe. Kati ya nyota zote ambazo mnajimu angeweza kuwapa watu wa mlima huu, ile waliyoitazama wao wenyewe kwa macho yao, kwa faida yao, bila kuandikiwa na mtu, imo katika Ng'ombe. Baada ya kukataa Samaki, kuitilia shaka Ndoo na kuipokea Nge kwa hila ya alifu, hii naipokea bila masharti.

Kuna watabiri pia, usidhani hakuna. Oloiboni hutikisa mawe kwenye kibuyu na kuyamwaga, anayahesabu, anasoma. Hatazami mwezi uliozaliwa. Na Mwarusha wa kale hakujua mwezi aliozaliwa, wala hakuona upungufu. Alichojua ni rika. Ukitahiriwa na wenzako mnapewa jina moja, mnakuwa morani pamoja, mnaoa pamoja, mnazeeka pamoja. Talala ndio waliokabili bunduki za Johannes. Seuri, ujana wao uliangukia miaka ya uhuru na ya Azimio. Baada yao Makaa, na wengine wakaja. Rika ndiyo nyota ya huku: inakwambia ulikutana na historia ukiwa na umri gani, nani anaweza kukutuma na nani unaweza kumtuma, na nani akikaribia hutakiwi kukaa naye meza moja. Mnajimu yeyote angeitamani elimu ya namna hiyo.

Tatizo lake ni fomu. Wazee wengi waliozaliwa kabla uandikishaji wa vizazi haujafika vijijini wameandikiwa tarehe ya kukisia tu, mara nyingi 1 Januari au 1 Julai. Kwa hiyo huko Oldonyosambu na Musa wamejaa wazee ambao kwa karatasi ni Mbuzi, na wengine ni Kaa, kwa uamuzi wa karani aliyekuwa na foleni ndefu. Niliwahi kumsikia mmoja wao dirishani. Kijana wa ndani aliuliza, "Shikamoo, mzee. Ulizaliwa lini?" Mzee akaitikia marahaba, akasema yeye ni Seuri. Kijana akasubiri. Mzee naye akasubiri, maana alikuwa ameshajibu. Mwishowe kijana akaandika 1 Julai, akachagua na mwaka, akamwonyesha pa kuweka kidole. Mzee akaweka, akajifuta wino kwenye shuka, akauliza kama hicho kitambulisho ndicho kile cha kupatia mbolea ya ruzuku.